Kwa nini pikipiki hunoga zaidi kwenye kona kuliko kwenye barabara iliyonyooka?

Msafiri Polepole
Habari zenu wakuu. Nina dai moja ambalo ningependa tulijadili kwa kina. Watu wengi wakisikia mtu anapenda kuendesha pikipiki, moja kwa moja hudhani kwamba anachokipenda ni mwendo kasi. Mimi naona sivyo. Kwenye barabara pana iliyonyooka, hata nikienda kilomita 110 kwa saa, haupiti muda mrefu kabla mikono haijaanza kufa ganzi na fikra kuhamia kwenye shughuli za kazini. Nikiingia kwenye barabara ya mlimani ambako kona moja inazaa nyingine, na mwendo wenyewe hauzidi kilomita 50 kwa saa, uchovu unatoweka na natamani barabara isiishe. Kama raha ingekuwa ya kasi, mambo yangekuwa kinyume chake. Dai langu ni kwamba raha inatokana na kitendo chenyewe cha kulaza pikipiki upande mmoja, kisha kuiinua na kuilaza upande wa pili, wala haihusiani na namba zinazosomeka kwenye dashibodi. Ninachokosa ni sababu. Kwa nini kulala kwenye kona kumfurahishe binadamu kiasi hiki? Naomba maelezo ya kueleweka, kwa maana jibu la "ndivyo ilivyo" nimeshalipata mara nyingi.

Mtoto wa Mlima
Naunga mkono dai lako. Ushahidi ni kwamba waendesha pikipiki wa Ulaya hufunga safari ndefu kwenda kwenye njia ya Stelvio kule Italia kwa ajili ya kona zake tu. Barabara nzima ina kona kali 48, na ndiyo njia ya lami iliyo juu kuliko zote katika milima ya Alps. Hakuna anayeenda kule kutafuta kasi, kwa sababu kona ni kali mno kuiruhusu.

Mwalimu wa Mekanika
Mleta mada ameuliza sababu, nami nitaanza na ile inayoweza kupimwa. Ukiwa ndani ya gari, kona inakusukuma ubavuni, unabanwa mlangoni au unamwangukia jirani yako, na misuli ya kiuno inafanya kazi ya kukuzuia. Kwenye pikipiki msukumo huo wa ubavuni haupo. Pikipiki hulala kiasi kwamba jumla ya uzito wako na kani ya kona inafuata mstari mmoja, kutoka kichwani, kupitia uti wa mgongo, hadi karibu na pale tairi linapogusa lami. Kona yenye nusukipenyo cha mita 50 ukiipita kwa kilomita 60 kwa saa itakulaza takribani nyuzi 30, na ukiipita kwa kilomita 72 utalala karibu nyuzi 39. Kwa kuwa kani hizo mbili zinajumlishwa, ukilala nyuzi 30 unakikalia kiti kana kwamba uzito wako umeongezeka kwa asilimia 15, na ukifika nyuzi 45 ongezeko ni asilimia 41. Mwili unakandamizwa chini, kitini, na shokapu zinakandamizika pamoja nawe.

Sasa tazama yanayotokea kichwani. Ndani ya sikio tuna vipokezi vinavyotambua uzito unaelekea wapi. Kwa kuwa jumla ya kani bado inapita kwenye mstari wa mwili, vipokezi hivyo vinatoa taarifa kwamba uko wima, ilhali macho yanaona upeo wa macho umeinama. Rubani anayegeuza ndege kwa usahihi ndani ya wingu hukumbwa na hali hiyohiyo, na asipotazama vyombo vyake anaweza asijue kabisa kwamba ndege imelala. Tofauti ni kwamba mwendesha pikipiki anaona kila kitu, kwa hiyo anapata mambo mawili kwa wakati mmoja, yaani mwili uliotulia kabisa na ulimwengu uliopinda. Naamini raha inatoka kwenye mgongano huo. Gari haliwezi kuutoa, na kasi ya barabara iliyonyooka haiutoi pia.

Bingwa wa Mteremko
Mwalimu, hesabu zako ni nzuri, lakini umezunguka mbuyu. Raha ya kona ni hatari. Binadamu anapokaribia mahali ambapo kosa dogo linaweza kumwangusha, moyo unakwenda mbio na damu inachemka, na akitoka salama anajisikia hai kuliko alivyoingia. Kwenye barabara iliyonyooka hatari imejificha, kwenye kona unaiona imekukodolea macho. Toeni hatari muone kama kuna atakayeifuata hiyo milima.

Dada Kofia Ngumu
Bingwa, jina lako lenyewe linaeleza unakotoka, na nakuombea matairi mazima. Hata hivyo hoja yako siikubali, kwa sababu inashindwa kueleza jambo ambalo kila mwendeshaji mzoefu analijua: kona inayokutisha haikupi raha. Ukiingia kwa kasi iliyozidi, mikono inakaza, pumzi inakata, macho yanaganda kwenye ukingo wa barabara, na unapotoka upande wa pili unachokisikia ni nafuu ya kunusurika. Nafuu na raha ni vitu viwili tofauti. Kona ninazozikumbuka kwa furaha ni zile nilizoingia nikiwa na akiba ya kutosha ya breki, ya mshiko wa tairi, na ya barabara ninayoiona mbele yangu.

Tena hatari yenyewe tuizungumzie kwa vielelezo. Utafiti mkubwa wa ajali za pikipiki uliofanywa eneo la Los Angeles chini ya Harry Hurt, na kutolewa mwaka 1981, ulichunguza ajali 900 kwa kina. Takribani robo ya ajali zilikuwa za pikipiki peke yake bila gari lingine, na katika thuluthi mbili hivi za ajali hizo chanzo kilikuwa kosa la mwendeshaji, ambalo kwa kawaida lilikuwa kuteleza kwa kubana breki kupita kiasi, au kutanuka nje ya kona kwa sababu ya kasi kubwa au kwa kutolaza pikipiki vya kutosha. Hilo la mwisho lina uzito wake. Anayeogopa hakazi mikono tu, anashindwa pia kulaza pikipiki iliyokuwa bado na uwezo wa kulala zaidi. Hofu haiwezi kuwa mzazi wa raha ilhali ndiyo inayoharibu kona.

Msomaji wa Ramani
Kabla hatujaenda mbali, Mtoto wa Mlima, turekebishe mambo mawili kuhusu Stelvio. Kona 48 ni za upande mmoja tu, ule unaopanda kutokea Prato, na zimewekewa namba moja baada ya nyingine. Upande wa Bormio una kona zake nyingine. Pili, Stelvio yenye mita 2757 ndiyo njia ya lami ya juu zaidi katika Alps za mashariki, si katika Alps zote. Col de l'Iseran ya Ufaransa inaipita kwa mita chache, maana ina mita 2764.

Naongeza mfano mwingine unaomfaa zaidi mleta mada. Marekani, kwenye mpaka wa Tennessee na North Carolina, kuna kipande cha barabara namba 129 kinachoitwa Tail of the Dragon, ambacho kinatangazwa kuwa na kona 318 ndani ya maili 11, yaani kilomita 18 hivi. Ukigawanya, unapata kona moja kila mita 56. Kwa kilomita 48 kwa saa, kila baada ya sekunde nne hivi kona nyingine imefika. Pikipiki haipati nafasi ya kukaa wima. Kama raha ni kule kulala na kuinuka, basi pale kipimo kinajaa.

Fundi Tairi
Asanteni wote, uzi huu umenoga. Mimi naona mmeisahau mikono. Mwalimu ameeleza mwili unavyosukumwa, utadhani mwendeshaji ni mzigo uliofungwa kwenye kiti. Ukweli ni kwamba pikipiki hailali yenyewe, inalazwa, na namna inavyolazwa ni ya ajabu. Nikitaka kwenda kulia, nasukuma mkono wa kulia wa usukani kwenda mbele, maana yake gurudumu la mbele linageuka kidogo kushoto. Gurudumu linapokimbilia kushoto, pikipiki inaangukia kulia, na hapo ndipo kona inapoanza. Wilbur Wright, ambaye pamoja na ndugu yake Orville walikuwa mafundi wa baiskeli kabla ya kurusha ndege mwaka 1903, alikwisha kulieleza jambo hili, na alishangaa kwamba waendesha baiskeli wanalifanya kila siku bila kujua kwamba wanalifanya.

Wapo wanaoshikilia kwamba kuegemeza mwili pekee kunatosha. Keith Code, mwalimu wa uendeshaji wa Marekani, aliifunga pikipiki usukani wa pili ulioshikizwa moja kwa moja kwenye fremu, usioweza kugeuka, kisha akawaacha watu wajaribu kuiongoza kwa uzito wa mwili. Pikipiki ilitikisika na kusogea kidogo, lakini kona ya maana haikupatikana.

Kwa hiyo raha ninayoitetea ni hii: kiganja kinasukuma kidogo mno, pengine kwa nguvu ya kufunga droo, na chombo chenye uzito wa zaidi ya kilo 150 kinaitika palepale. Kitendo kidogo kimezaa matokeo makubwa, na yametokea kwa kiasi kilekile nilichokusudia. Kwenye barabara iliyonyooka mkono hauna la kusema.

Mzee Klachi
Vijana, nimewasoma wote kwa makini. Kila mmoja ameshika kiungo kimoja cha mwili, huyu sikio, yule moyo, mwingine kiganja. Mimi nitawatajia jicho.

Mwaka 1994 watafiti Land na Lee walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya mahali macho ya dereva wa gari yanapotazama kwenye barabara yenye kona. Waligundua kwamba sekunde moja hadi mbili kabla ya kila kona macho huhamia kwenye ile sehemu ya ukingo wa ndani ambapo barabara inaonekana kupindia, na yakabaki yakirudi hapo. Mwendesha pikipiki ana mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu mahali anapotazama ndipo pikipiki inapokwenda. Akilitazama shimo, ataliingia.

Niruhusuni niieleze kona moja kama ninavyoiona. Nikiwa bado wima naona ukingo wa nje na wa ndani unakutana mbele, nao mkutano huo unanijia kwa kasi, kwa hiyo nafunga mafuta na kuibana breki ya mbele taratibu hadi shokapu za mbele zishuke. Sijaona mwisho wa kona bado. Nateremsha gia, nalegeza breki kwa vidole viwili huku nailaza pikipiki, na macho yameshahama kwenye lami iliyo mbele ya gurudumu, yanautafuta mkutano wa kingo. Ghafla mkutano ule unaacha kunijia, unaanza kunikimbia. Maana yake kona inafunguka. Hapo mkono unaongeza mafuta kidogo bila kuambiwa, na pikipiki inaanza kuinuka yenyewe. Katika mlolongo huo wote hakuna nafasi ya kukumbuka deni wala ugomvi. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuichunguza hali hii, ambayo mtu huzama ndani ya kazi inayolingana na uwezo wake, isiwe nyepesi ya kuchosha wala nzito ya kukatisha tamaa. Kona zinazofuatana hukurudishia kipimo hicho upya kila baada ya sekunde chache.

Abiria wa Nyuma
Shikamoo mzee Klachi, na salamu kwa wengine. Nauliza swali ambalo naona linaziyumbisha hoja zenu karibu zote. Mimi siendeshi. Nakaa nyuma ya mume wangu. Sishiki usukani, kwa hiyo hoja ya Fundi hainihusu. Siamui kasi wala gia, na mara nyingi mbele naona kofia ngumu yake tu, kwa hiyo mkutano wa kingo za barabara siuoni. Hata hivyo tukiingia kwenye kona nafurahi kuliko ninavyoweza kueleza, na tukitoka kwenye milima na kuingia barabara kuu naanza kuuliza tumebakiza umbali gani.

Ninachokifanya ni kidogo. Tukielekea kulia natazama juu ya bega lake la kulia, tukielekea kushoto natazama juu ya la kushoto, na mwili unamfuata bila kumtangulia. Zamani nilikuwa nakaza mwili na kubaki wima, na yeye alisema pikipiki ilikuwa nzito kulala. Tangu nilipojifunza kumfuata, raha ilikuja siku hiyohiyo. Sasa niambieni, kama raha ni ya ustadi wa anayeendesha, mimi ninafurahia nini?

Msafiri Polepole
Dada Abiria, swali lako ndilo bora zaidi hadi sasa, na linaelekea kuunga mkono dai langu la mwanzo, kwamba kulala kwenyewe ndiko kunakofurahisha hata kama aliyelaza ni mwingine. Mzee Klachi, maelezo yako ya kona nimeyarudia kuyasoma, asante sana. Shaka yangu ni moja tu. Kuzama ndani ya kazi kunaweza kumpata mchezaji wa bao au mshonaji, kwa hiyo kunaeleza kwa nini hatuchoki, lakini hakuelezi kwa nini ni kona na si kazi nyingine yoyote.

Mwalimu wa Mekanika
Abiria, maelezo yako yanaafikiana kabisa na yale ya sikio na uti wa mgongo. Ulipokuwa unakaza mwili na kubaki wima, uliutoa mwili wako kwenye mstari wa jumla ya kani, na kona ikakusukuma ubavuni kama ambavyo ingekusukuma ndani ya gari. Ulipoanza kumfuata, mstari ukarudi mahali pake. Pia uliirahisishia pikipiki kazi, kwa sababu mtu wa nyuma anayebaki wima huuvuta uzito wote kwenda nje ya kona, na hapo pikipiki hulazimika kulala zaidi ili kupita kona ileile kwa kasi ileile.

Kwa Fundi Tairi nina nyongeza. Usukani hauishii kuanzisha kona, unaendelea kurekebisha hadi mwisho. Wengi wanafundishana kwamba pikipiki inasimama kwa sababu tu magurudumu yanazunguka kama pia. Mwaka 2011 watafiti walichapisha katika jarida la Science jaribio la baiskeli ambayo athari hiyo ya mzunguko iliondolewa kwa magurudumu yanayozunguka kinyume, na bado ilijisawazisha yenyewe ikiwa kwenye mwendo. Namna gurudumu la mbele linavyojigeuza kuelekea upande ambao chombo kinaangukia ina nafasi kubwa kuliko tulivyozoea kuambiwa.

Fundi Tairi
Nakubali, mwalimu, na naongeza kidogo kuhusu tairi, maana wapo wanaodhani kwamba tairi pana linapunguza kulala. Ni kinyume chake. Pikipiki ikilala, sehemu inayogusa lami inahamia ubavuni mwa tairi, na tairi likiwa pana inahama mbali zaidi, kwa hiyo pikipiki inabidi ilale zaidi kwa kona na kasi ileile. Tena ubavuni mzunguko wa tairi ni mfupi kuliko katikati, ndiyo maana ukilala bila kuongeza mafuta utasikia mwendo unapungua na pikipiki inazidi kutaka kuangukia ndani. Pikipiki ndogo yenye injini ya cc 125 na tairi jembamba inabadilisha upande haraka kuliko kubwa, na kwenye kona zilizobanana mimi naipenda zaidi kuliko hiyo ya cc 1000.

Bingwa wa Mteremko
Naheshimu takwimu za Dada Kofia Ngumu, ila bado nasimama nilipo. Hakuna aliyejibu kwa nini mashine za kuigiza pikipiki, hata zile zinazolala kulia na kushoto, haziwafanyi watu waamke alfajiri kuzifuata. Jicho lipo, mkono upo, kulala kupo. Kinachokosekana ni kwamba ukianguka huumii.

Dada Kofia Ngumu
Kinachokosekana ni zaidi ya hicho, Bingwa. Mashine iliyofungwa sakafuni inaweza kulala, lakini haiendi popote, kwa hiyo kani ya kona haipo. Wala haikupi ule uzito unaokukandamiza kitini alioutaja mwalimu, wala upepo, wala harufu ya msitu, wala baridi inayopenya kwenye kola unapoingia upande wa mlima usio na jua. Umetoa vitu vingi kwa mkupuo, kisha umechagua kimoja na kukipa lawama yote.

Gurudumu la Tatu
Habari wakuu. Nimekuwa msomaji kimya, lakini naona hakuna aliyeugusa upande wangu. Mimi naendesha pikipiki yenye kigari cha pembeni. Chombo changu hakilali hata kidogo. Nageuza usukani upande ninaokwenda, kama gari, na kona inanisukuma ubavuni kwa nguvu zake zote. Nikigeukia upande wa kigari bila uangalifu, gurudumu lake linanyanyuka kutoka kwenye lami, kwa hiyo aliye ndani ya kigari anaegemea upande wake ili alishushe, nami naegemea pamoja naye. Ni kazi ya mabega na kiuno, na inatoa jasho.

Kwa maelezo ya mleta mada na ya mwalimu, mimi sikupaswa kufurahi. Lakini barabara zangu nazichagua kwa kona, na abiria wangu pia anazidai. Kwa hiyo ama kuna raha mbili tofauti ambazo tunaziita kwa jina moja, ama kulala si kiini cha jambo hili hata kidogo.

Mwalimu wa Mekanika
Hilo linanilazimu kufikiri upya sehemu ya pili ya hoja yangu, ingawa hesabu za kani zinabaki vilevile. Ningependa kusikia kutoka kwa mtu aliyewahi kuendesha vyote viwili kwenye barabara ileile: pikipiki ya kawaida inayolala, na yenye kigari cha pembeni isiyolala. Aeleze kama kilichomfurahisha kilikuwa kitu kimoja au viwili, na kama ilitokea pale anapoingia kona, katikati yake, au anapoongeza mafuta kutoka.